Mlisema Draya Imekufa. Nani Aliipima?

Wasee, leo sina utani. Nimekasirika, na hasira yangu iko na saizi: inatoshea kwa kiganja, ni nyeupe, ina miguu miwili ya bati, na ilinigharimu shilingi 350 tao. Inaitwa fyuzi ya joto. Kwa sababu ya hicho kidude, anti yangu alikaribia kutoa 31,000, na ploti nzima ya watu Pipeline ikakaribia kuwaka.

Wale hamjui, anti yangu ni dobi. Alianza na beseni. Alikuwa akiingia nyumba za watu Fedha na Nyayo kufua kwa mkono, jioni anarudi na vidole vimekunjamana kama zabibu kavu. Akaweka kwa chama, miaka ikaenda, leo ana chumba kimoja chini ya ploti, mashine mbili za kufua na draya moja. Draya ya nguo, si ile ya saluni. Na kabla mtu aniulize draya Kenya ni ya nini na tuko na jua la bure, njoo Pipeline mwezi wa nne. Ploti ni za gorofa saba, nane, zimekaribiana mpaka unaweza kuomba jirani chumvi kupitia dirisha. Jua linaonekana dakika kidogo saa sita, kama landilodi amepita kuangalia mita ya maji, halafu linaenda zake. Ukianika kwa korido nguo inakauka siku ya tatu, na inanuka. Sasa weka mvua juu yake. Msee wa usiku wa hoteli anahitaji shati jeupe leo. Mtoto ana yunifomu moja. Hao ndio wateja wa anti, si matajiri. Draya ndiyo inalipa kodi ya hicho chumba.

Sasa draya ikaanza ujinga. Inazunguka vizuri, taa zinawaka, saa inahesabu, lakini nguo zinatoka baridi na zimelowa vile ziliingia. Anti akafanya kile sisi wote tumefundishwa kufanya: akaita "wataalamu". Kampuni ya kutengeneza vyombo vya nyumbani, sitaitaja, iko na matangazo mazuri na gari lenye rangi. Wakakuja vijana wawili na mashati yamepigwa pasi. Mmoja akabonyeza swichi, akaingiza mkono ndani ya pipa, akautoa. Mwingine akapiga picha ile stika ya nyuma. Dakika tano, na sidanganyi kwa sababu binamu yangu alikuwa hapo.

"Mathe, elementi imeenda, na bodi pia imeenda. Spea za hii modeli hazipatikani kwa urahisi. Kutengeneza ni 31,000. Lakini kusema ukweli hii imekufa, afadhali utafute mpya."

Halafu wakachukua 2,500 ya kuja kuangalia. Halafu, na hapa ndipo nataka mkae chini, wakasema kama hana haja nayo wanaweza kuichukua wao kwa 3,000, wamsaidie kupunguza mzigo.

Mashine imekufa, haina spea, haina maana, lakini wako tayari kuibeba. Ng'ombe amekufa kwa ugonjwa na wewe unataka kununua nyama?

Hakuna skrubu iliguswa. Hakuna mita ilitoka kwa mkoba. Sijui hata kama mkoba ulikuwa na mita. Walisema elementi imeungua bila kuiona, na bodi imeenda bila kufungua kifuniko. Daktari akikuambia figo zako zote mbili zimeisha kwa kukushika paji la uso, utamlipa ama utatoka mbio?

Anti hakutoka mbio. Alilipa. Kwa nini? Kwa sababu walikuwa na mashati yenye nembo, na walisema "bodi" kwa sauti ya mtu aliyesoma. Alikaa siku mbili akihesabu: 31,000 atoe wapi, muhula wa pili unafungua, binamu anadaiwa shule, na wateja wameanza kupeleka nguo kwa jirani wa ng'ambo ya barabara. Mimi sikujua lolote. Angenipigia, lakini mimi ndiye mtoto wa kutengeneza video, ningemsaidia na nini?

Sasa ngoja, kwa sababu msifikiri hii ni ile stori ya kampuni mbaya na fundi wa mtaa shujaa. Siku ya tatu akaja fundi wa mtaa. Huyu angalau alifungua. Akatoa kifuniko cha nyuma, akaangalia, akacheka, akasema, "Mama, hawa walikuwa wanakuibia. Ni fyuzi tu." Alikuwa sawa kabisa! Msee alijua shida kwa macho. Halafu akafanya nini? Akakata kipande cha waya, akaunganisha pande mbili za fyuzi, akaipiga dairekti. Akachukua 500, akaenda. Draya ikapata moto. Anti akaimba.

Mimi nilifika Jumapili mchana kula chapati. Nikiwa mlangoni nikasikia harufu, ile ya pasi ikikaa sana juu ya shati. Nikauliza, anti akasema ni mashine tu, imekuwa hivyo tangu jana, lakini inakausha vizuri kuliko zamani. Nikaweka mkono nyuma ya draya na nikautoa haraka sana. Taulo zilizokuwa ndani zilikuwa na moto wa kutoshikika, na moja ilikuwa imeanza rangi ya chai kwa pindo. Nikazima kwa ukuta. Juu yetu kuna gorofa nane za watu, watoto wamelala, mitungi ya gesi kila nyumba, na ngazi ni moja.

Hebu niwaeleze hiyo fyuzi ni ya nini, kwa sababu hii nayo ndiyo sehemu hakuna mtu alimweleza anti, si wa shati, si wa waya.

Draya ni kitu rahisi kuliko simu uliyoshika. Kuna mota. Mota inazungusha pipa kwa mkanda mrefu, na mara nyingi hiyo hiyo mota inazungusha feni. Kuna elementi, ni koili ya waya inayopata moto kama ile ya jiko la stima. Feni inavuta hewa, hewa inapita kwa elementi, inaingia kwa pipa, inachukua maji ya nguo, inapita kwa chujio, inatoka nje kwa bomba. Basi. Halafu kuna walinzi. Wa kwanza ni thamostati, inakata moto joto likipanda na kuurudisha likishuka, kazi ya kila siku. Wa pili ni hiyo fyuzi ya joto, na yeye ni mlinzi wa mara moja. Joto likipita kiwango chake anakata na hafungui tena, amejitoa mhanga. Hakatiki kwa uzee mara nyingi. Anakatika kwa sababu kuna kitu kilizidisha joto.

Kwa hivyo ukikuta fyuzi ya joto imekatika, hujapata ugonjwa, umepata maiti ya askari. Swali ni nani alimuua. Kampuni haikumwona hata askari. Fundi wa waya alimwona, akaweka sanamu mahali pake.

Jumatatu nikabeba simu na aibu yangu nikaenda tao, Luthuli, kwa mzee mmoja ambaye hukaa ngazi za chini za jengo fulani akitengeneza amplifaya. Si mtu wa draya. Lakini alinisikiliza mpaka mwisho, kitu ambacho wale wa 2,500 hawakufanya kwa anti, na swali lake la kwanza lilikuwa, "Kijana, ile hewa inatokea wapi?" Nikasema sijui. Akasema, "Basi fyuzi ni ya baadaye. Rudi uangalie hewa." Akaniuzia mita ya 900, akanifundisha hapo hapo kwa kinyesi cha plastiki kupima kama waya umeshikana ama umekatika. Dakika kumi. Hakuchukua pesa ya masomo. Nilimwuliza ni pesa ngapi, akanicheka, "Wewe endea shangazi yako."

Tulirudi tukachomoa mashine kwa ukuta. Kuchomoa, si kuzima swichi, kuchomoa plagi na kuiweka mahali unaiona. Tukaivuta mbele, na kesi ikaisha hapo hapo. Wiki chache kabla, anti alikuwa amesukuma draya nyuma kabisa ili meza ya kupiga pasi itoshee. Bomba la kutoa hewa lilikuwa limebanwa kwa ukuta, limelala kama chapati. Hewa ya moto haina pa kwenda. Tulipolitoa, ndani lilikuwa limejaa manyoya ya nguo, yale mavumbi laini yanayotoka kwa taulo na blanketi, yamegandamana kwa unyevu. Tulijaza karai. Anti alisimama akiangalia lile karai akasema, "Hii yote ilikuwa ndani na mimi nasafisha chujio kila siku?" Ndiyo. Chujio linashika mengi, si yote.

Halafu tukapima. Elementi, ile "imeenda"? Stika ya nyuma inasema wati 2,400. Stima yetu ni volti 240. Ukizidisha 240 kwa 240 ukagawanya kwa 2,400 unapata 24, hizo ndizo omu unatarajia. Mita iliandika 24 na nukta kidogo. Elementi ni nzima kama mtoto wa nesari. Thamostati, imeshikana. Tukatoa ule waya wa shetani, tukapima fyuzi yenyewe: mita ikaandika OL, maana yake njia imekatika. Na ile bodi ya maelfu? Pipa lilikuwa linazunguka, saa inahesabu, mlango ukifungua inasimama, na fundi alipounganisha waya moto ulikuja wenyewe. Bodi ilikuwa inafanya kazi yake yote tangu siku ya kwanza. Sasa niambieni 31,000 ilitoka wapi. Kwa kikokotoo gani?

Fyuzi ya 350, yenye kiwango kile kile kilichoandikwa kwa ile ya zamani, maana hapo hubahatishi. Bomba jipya la bati, fupi, 1,200. Meza ya pasi ikahamia upande mwingine. Tangu hapo draya inakausha kwa muda mfupi kuliko vile anti alikuwa amezoea, kwa sababu hilo bomba lilikuwa limeanza kuziba kitambo kabla halijabanwa. Na tokeni pia. Draya ya wati 2,400 ikiwaka saa nzima inakula karibu yuniti 2 na nusu. Ikizunguka saa mbili kwa kazi ya saa moja, wewe ndiye unalipia manyoya.

Najua komenti gani zinakuja. "Unafundisha watu kuchezea stima, mtu atakufa." Sawa, tuongee hilo kama watu wazima. Kuna vitu mimi sigusi na wewe usiguse. Maikrowevu usifungue kabisa, kuna kapasita ndani inaweza kukuua hata ikiwa imechomolewa. Draya za gesi, weka mbali. Zile za pampu ya joto, baadhi zina gesi ya propeni ndani ya mfumo wao, hiyo ni ya mtu mwenye vifaa. Kapasita ya mota pia inaweza kubaki na chaji. Lakini kuvuta mashine mbele na kuangalia bomba? Kuosha chujio? Kuhisi na mkono kama hewa inatoka kwa nguvu kule nje? Hiyo si stima, hiyo ni macho. Na ninyi mnaosema "achia wataalamu", wataalamu walikuja. Walichukua 2,500 na hawakufungua.

Kwa kweli hata bila mita unaweza kujua mengi kabla hujaita mtu, na hiyo ndiyo silaha yako. Nguo zikitoka moto lakini zimelowa, shida ni hewa, anza na bomba na chujio, ama mashine ya kufulia haikamui vizuri na draya inasingiziwa. Zikitoka baridi na pipa linazunguka, shida iko kwa njia ya moto: elementi, thamostati, fyuzi. Mota inanguruma lakini pipa halisongi, na ukilisukuma kwa mkono linaenda bure bila uzito, mkanda umekatika. Inanguruma, na ukisaidia pipa kidogo kwa mkono linaanza, shuku kapasita. Imekufa kabisa, hakuna taa, anza na plagi, kwa sababu plagi zetu za miguu mitatu ziko na fyuzi ndani na mara nyingine ni hiyo ya shilingi 20. Ama swichi ya mlango, sikiliza kama inalia "tak" ukifunga. Ukishajua hayo, fundi akiingia akasema "bodi" unamwuliza swali moja tu: umepima nini, na mita ilisema nini? Mwaminifu ataonyesha. Tapeli ataanza kuongea Kiingereza.

Na hii haiko Pipeline peke yake. Draya ya anti ni mtumba wa Uingereza, zile tunaita ex-UK. Mnajua nini kilitokea Uingereza na draya? Mwaka wa 2015 Whirlpool, kampuni iliyokuwa ikiuza majina kama Hotpoint, Indesit na Creda, ilikubali kwamba draya zake zilizotengenezwa kuanzia 2004 mpaka 2015 zilikuwa na hatari: manyoya ya nguo yanaweza kugusa elementi na kushika moto. Mashine zaidi ya milioni 5. Hawakuzirudisha. Walisema watazirekebisha nyumbani, na watu waliambiwa wanaweza kuendelea kuzitumia wakingoja, mradi wasiziache peke yao zikiwaka. Agosti 2016 jengo la gorofa Shepherd's Bush, London, likawaka, na wazima moto wakasema chanzo ni draya. Serikali ilikuja kulazimisha mashine zirudishwe 2019. Miaka minne! Kwa nchi yenye sheria zote hizo.

Sasa jiulize: mtu wa London akitupa draya yake, inaenda wapi? Tangazo la kurudisha mashine halipandi meli nayo. Inafika Mombasa imeoshwa, inapigwa polishi, inauzwa "Uingereza orijino". Nani huku anaangalia namba ya modeli? Ya anti niliiangalia mwenyewe usiku huo kwa simu, na haikuwa moja ya hizo, shukuru Mungu. Kama umenunua draya ya ex-UK, toka hapa sasa hivi ukaangalie stika yako, nitakungoja.

Marekani nao walihesabu. Idara yao ya zimamoto ilikadiria kwamba kati ya 2008 na 2010 kulikuwa na moto kama 2,900 kila mwaka majumbani unaoanzia kwa draya za nguo, na sababu iliyoongoza haikuwa stima mbaya. Ilikuwa kutosafisha. Manyoya. Yale yale ya karai la anti.

Ulaya sasa imeamka kidogo. 2024 walipitisha sheria ya haki ya kutengeneza vitu, na draya za nyumbani ziko kwa orodha. Mtengenezaji anatakiwa kukubali kutengeneza kwa bei ya maana hata waranti ikiisha, na haruhusiwi kuweka vizuizi vya makusudi ili fundi mwingine ashindwe. Tarehe ya kuanza kutumika iliwekwa 31 Julai 2026. Mimi sisemi Wazungu ni malaika, si hao hao wanatutumia zile walikataa? Ninasema wamekubali kwa maandishi kwamba "haitengenezeki" ni uamuzi wa biashara. Si sheria ya fizikia.

Na sisi hatuhitaji kuomba Ulaya. Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 46, inasema mtumiaji ana haki ya bidhaa na huduma za ubora unaofaa, haki ya habari anazohitaji ili afaidike kikamilifu na alichonunua, na haki ya kulindwa afya yake, usalama wake na maslahi yake ya kiuchumi. Habari! Imeandikwa hapo. Sasa mtu anayechukua 2,500 na kukupa neno "bodi" bila kipimo chochote, amekupa habari gani? Tunajua kushika mabango kwa mambo ya ushuru, na ni vizuri, lakini tukifika kwa kaunta ya sevisi tunakuwa wapole kama kondoo wa mchungaji mgeni. Tunaomba msamaha kwa kuuliza.

Sasa niwageukie watu wangu, na mimi nikiwa wa kwanza. Mwaka jana nilitengeneza video ya kucheka mafundi. Mnaikumbuka. Fundi wa "kesho asubuhi", fundi wa kubakisha skrubu tano, fundi wa kuomba pesa ya fea. Ilipata watazamaji wengi kuliko kitu chochote nimewahi kuweka. Nilicheka sana nikiitengeneza. Halafu nilipokuwa na shida ya kweli niligundua sijui hata neno la kumwambia fundi, na mtu aliyenisaidia alikuwa mzee wa ngazi za chini ambaye ningempita nikimrekodi kwa utani.

Tumelelewa hivyo. Ukifeli utaenda kuwa fundi, si ndivyo tuliambiwa? Mwalimu wetu wa fizikia alituchorea saketi ubaoni miaka miwili na hakuna siku tulifungua hata pasi. Nilipata A ya kujua kanuni ya Ohm na sikuwahi kuitumia mpaka Jumatatu ile, nikiwa nimepiga magoti nyuma ya draya na tochi kwa meno. Halafu tunashangaa kwa nini fundi anapiga waya dairekti. Nani alimfundisha? Nani alimlipa vizuri alipofanya kazi kamili? Anti mwenyewe alikubali baadaye: fundi wa waya angesema fyuzi, bomba na nusu siku ya kazi ni 2,500, angemwambia ni mwizi. Alitoa 2,500 kwa mashati bila kusema neno. Hapo kwa kweli sikuwa na jibu, na yeye pia hakuwa na jibu, tulinyamaza tu tukaendelea kukunja mashuka ya watu.

Lakini simtetei yule wa waya, msinielewe vibaya. Nilimtafuta. Nilimpata kwa kibanda chake nikamwonyesha ile taulo iliyogeuka rangi. Alisema wateja hawataki kusikia habari ya bomba, wanataka moto. Nikamwambia juu ya anti kuna gorofa nane. Akaiangalia taulo kwa muda, akaniuliza hizo fyuzi nilinunua duka gani na ni ngapi. Nikamwambia. Kama atazinunua, mimi sijui.

Kampuni ya mashati nayo niliipigia, simu tatu. Ya kwanza walinipeleka kwa muziki. Ya pili dada mmoja mpole akasema fundi wao hutumia "uzoefu". Ya tatu nikaomba ripoti ya vipimo vya siku ile, kwa sababu tulilipia uchunguzi. Akasema ripoti haiko. Nikaomba basi 2,500 irudi, kwa sababu tumelipia kitu hakiko. Akasema atauliza meneja. Bado anauliza. Jumamosi hii nitaenda ofisini kwao na anti, na fyuzi iliyokatika, na risiti yao, na mita yangu ya 900. Anti ameshasema atavaa ile nguo ya harusi. Kama na wewe una risiti ya "uchunguzi" ambayo hakuna skrubu iliguswa, kuja nayo tuonane hapo nje saa nne. Na njooni mapema, kwa sababu anti lazima arudi kabla ya saa saba, kuna mashuka ya watu.